Madoa Matatu Niliyoyakata Pembeni

Kabla hamjaenda mbali, niwatoe hofu: mambo yaliisha salama. Binti alikipata alichokuwa anakitafuta, na mimi nalala usingizi mzuri. Nasema mapema kwa sababu nawajua vijana wa pale ofisini. Mkiona mzee anaanza kueleza kosa lake, mnaruka mpaka ukurasa wa mwisho kuangalia kama kuna mtu alifukuzwa. Hakufukuzwa mtu. Haya, tulieni sasa.

Mliniomba nije kuzungumza nanyi mnaoanza kazi ya kupima picha za kwasa. Goti langu la kushoto limezikataa zile ngazi, na lifti tabia yake mnaijua wenyewe, kwa hiyo naandika. Jina langu Ndahani, Mgogo wa Mpwapwa, mkazi wa Miyuji. Maisha yangu yote nimepima. Nusu ya kwanza nilipima ardhi, nikipanda bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja vya Dodoma, wakati mji unapanuka. Nusu ya pili nikachukuliwa chuoni kupima picha za mbinguni, kwa sababu walitaka mtu mwenye jicho, mkono usiotetemeka na subira ya hesabu ndefu. Unajimu sikuusoma popote. Niliukuta kazini kama watu wengine wanavyokuta mke.

Hapa mtaani wanajua tu kwamba nilifanya kazi ya nyota, na hilo limeniletea mambo. Ramadhani ikikaribia hakosekani mtu wa kuniuliza mwezi utaandama lini, na mimi ni Muanglikana. Mama mmoja aliniletea mwanawe mtu mzima asiyepata ajira, nimsafishie nyota, na kuku juu. Nikamwambia, mama, nyota ninazozijua mimi hata mwanga wake umechakaa kwa safari, nitazifikiaje na maji na dodoki? Akaondoka amenuna na kuku wake. Wengine huuliza jana usiku niliona nini. Usiku nilikuwa nalala! Darubini ipo nchi nyingine, picha zinatufikia asubuhi kwenye kompyuta, na sisi tunaanza kupima baada ya chai.

Kwa yule ambaye bado mgeni, nieleze kwa ufupi. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali mno. Katikati yake kuna shimo jeusi linalomeza gesi, na gesi hiyo ikiwa inaanguka inapata joto na kuwaka kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Mwanga ukiwa njiani kuja kwetu, mara chache unapita karibu na galaksi nyingine iliyosimama katikati ya njia. Galaksi ni nzito, na uzito wake unapinda njia ya mwanga. Basi kwasa moja unaiona mara mbili au mara nne, ikiizunguka ile galaksi. Chukueni chupa tupu ya soda, tazameni taa kupitia kitako chake, mtaona taa moja inavyogawanyika na kuvutika. Lensi yetu ndiyo hiyo, ila haina kioo.

Sasa utamu wenyewe ni huu. Ile mianga minne haifiki pamoja, kwa sababu haikupita njia moja. Watu wanne wakitoka Mpwapwa asubuhi kuja Dodoma, mmoja akanyoosha kwa Kongwa, mwingine akashuka Gulwe kungoja treni, hamtegemei waingie mlangoni kwa pamoja. Kwasa ikiwaka ghafla, picha ya kwanza inaonyesha mwako, halafu ya pili baada ya wiki kadhaa, halafu ya tatu, na ya nne inaweza kuchelewa miezi. Ukiijua vizuri lensi yako, unaweza kutaja mapema wiki ambayo ile ya nne itawaka. Ukitaja wiki, na wiki ikafika, na mwanga ukawaka, hapo hata anayekuchukia atakupa mkono.

Niliharibu mengi kabla sijaharibu hili kubwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipima nukta moja kwa miezi miwili nikiamini nimegundua nyota. Msimamizi akaja akasimama nyuma yangu, akanong'ona, "Mzee Ndahani, mbona nyota yako inahama pamoja na kamera?" Ilikuwa kasoro ya kamera yenyewe. Darubini ilipogeuzwa kidogo, nyota zote zilihama kwenye picha isipokuwa hiyo yangu, iliyong'ang'ania kona ile ile. Tangu siku hiyo kitu chochote kipya nakiangalia kwenye picha mbili zilizopigwa kwa kugeuza darubini kidogo, ndipo nakipa jina. Nanyi fanyeni hivyo. Aibu ile ilikuwa ndogo, tuliicheka wiki nzima ikaisha.

Ili muelewe kosa kubwa, lazima niwarudishe Mkonze, enzi zile ikiwa mashamba ya uwele kuliko nyumba. Bwana mkubwa wangu alikuwa Mzee Masima, mpima ardhi wa zamani, mfupi, mkali, mwenye kofia ambayo sijawahi kuiona imevuliwa. Upimaji wetu ulikuwa hivi: unaanzia kwenye bikoni moja, unazunguka eneo lote ukipima pembe na umbali, halafu unarudi pale pale ulipoanzia. Hesabu nayo inatakiwa irudi pale pale. Hairudi kamwe. Linabaki pengo dogo, kwa sababu mikono ni ya watu na jua ni la Dodoma. Pengo likiwa dogo, unaligawa, kila kituo kinabeba sehemu yake, na hesabu inafunga. Masima alikuwa na neno lake: "Kosa la wote hulipwa na wote." Mimi neno hilo nililipenda sana.

Siku moja pengo lilikuja kama urefu wa unyayo. Nikakaa kwenye kivuli cha gari, nikaanza kuligawa kwa raha zangu. Masima akachungulia karatasi.

"Umelitafuta?"

"Lipi, mzee?"

"Kosa. Umelitafuta ukalikosa ndipo unaligawa, au unaligawa kwa sababu jua kali?"

Hakungoja jibu. Tulirudi kwa miguu, kituo kwa kituo, mchana ule mweupe. Kwenye kituo cha nne tukamkuta bibi mmoja anapepeta uwele, Bibi Mbeleje. Akatulaki, "Mbukwenyi!" kama anavyosalimia Mgogo asiye na deni na mtu. Tukamwamkia, Masima akamuuliza kuhusu kile kigingi.

"Ah, kile? Nimekisogeza kidogo tu wanangu. Kilikuwa katikati ya kiwanja changu cha kupuria, kinanikwaza. Lakini sikukitupa! Nimekipanda vizuri kuliko ninyi."

Kweli alikuwa amekishindilia mawe pande zote, kimesimama wima kuliko vyetu. Masima alicheka mpaka akashika kiuno. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari aliacha kucheka, akasema, "Umeona? Pengo lilikuwa na mwenyewe, na alikuwa anapepeta uwele. Mtafute mwenyewe kwanza. Gawa ukishamkosa." Kwa hiyo Masima alinipa maneno mawili siku mbili tofauti. Nililobeba maisha yangu yote ni lile jepesi, na hapo ndipo penye kisa chote.

Hidaya alikuja kwetu akisomea uzamivu. Mrangi wa Kondoa, binti wa mkulima wa milimani, mwembamba, ana haraka ya kutembea na utulivu wa kufikiri. Alikuwa na kwasa yake moja yenye picha nne. Picha ya kwanza ilikuwa imewaka, ya pili na ya tatu zikafuata. Kazi yake yote ilikuwa kutaja wiki ya ile ya nne, halafu kuishuhudia. Wenye darubini walimpa nafasi sita za kuiangalia, basi. Akizitumia kwenye wiki zisizo zenyewe, hapewi nyingine, na ufadhili wake ulikuwa unakwisha kabla ya mwaka kwisha. Hilo lilijulikana kwa kila mtu pale ofisini, hata mama wa chai.

Vipimo vya picha zile nne nilivipima mimi. Mtandao wetu siku hizo ulikuwa unakokota miguu, na picha zilikuwa nzito, kwa hiyo nilizoea kukata pembezoni nibaki na sehemu ya katikati. Kwenye picha ya Hidaya pembeni kulikuwa na madoa matatu hafifu, kama mtu kagusa karatasi na kidole chenye majivu. Nikaandika kwenye kaunta buku langu: "Madoa 3 pembeni, nimekata." Halafu nikaweka vipimo kwenye hesabu ya lensi yenye galaksi moja. Havikukaa sawa. Kila picha ilikuwa imesogea kidogo sana kutoka mahali ambapo hesabu iliitaka. Kidogo kama nini? Kidogo kiasi cha kusema ni mkono wangu. Basi mpima ardhi niliye ndani yangu akaamka, akafanya alichofundishwa. Nikaligawa pengo kwenye picha zote nne, hesabu ikafunga, ikapendeza.

Hidaya alipoiona alishangaa. "Mzee, mbona imefunga vizuri hivi?"

"Mwanangu," nikamwambia nikivuta kiti, "huu ni mkono wa mtu aliyepima nusu ya Dodoma."

Akacheka, akaniamini. Akakokotoa wiki yake, ikaangukia mwanzoni mwa Juni, akaipeleka kwa wenye darubini.

Juni ikaja. Nafasi ya kwanza, picha ya nne imetulia. Ya pili, imetulia. Ya tatu, imetulia kama maji ya mtungini. Kila asubuhi Hidaya alikuwa anaingia, "Shikamoo mzee," anakaa mbele ya kompyuta, anafungua picha. Nafasi zikabaki tatu. Msimamizi wake akaanza kumtazama kwa huruma, na mnajua huruma ya msimamizi inavyotisha.

Mimi nilikuwa na siku nne kabla ya kustaafu. Sherehe imepangwa, pilau limeagizwa, hotuba ya mkuu wa idara imeshachapwa na imenisifu kwa usahihi. Nikawa nasafisha dawati nimkabidhi atakayenifuata, nikafungua kaunta buku. Nina tabia moja njema, nayo ni ya Masima: pengo nililiandika kwa penseli kabla ya kuligawa. Yalikuwepo pale, mapengo manne ya picha za Hidaya. Sijui kwa nini, nikayachora kama mishale minne kwenye karatasi.

Makosa ya mkono hayana mpango, mshale huu huku, ule kule. Mishale hii ilikuwa na mpango. Miwili ilivuta nje, mmoja kuelekea kona ya juu kushoto na mwenzake upande wa pili kabisa. Miwili iliyobaki ilibana ndani. Shika kitenge pembe mbili zinazokabiliana ukivute, kitarefuka huku na kubanwa huku. Kuna kitu kilikuwa kinaivuta lensi yetu kutoka kona ya juu kushoto. Nikageuza ukurasa nione kona hiyo nilikata nini, nikayasoma maandishi yangu mwenyewe: madoa matatu.

Nikayasoma mara ya pili. Yale hayakuwa madoa. Zilikuwa galaksi, majirani wa lensi, kundi zima lenye uzito wake, na nilikuwa nimelikata kwa ajili ya mtandao. Uzito wa kundi unabadilisha njia za mwanga na kubadilisha muda wa kuwasili. Wiki ya Hidaya haikuwa wiki. Bibi Mbeleje alikuwa amekisogeza kigingi, na safari hii sikwenda kumtafuta.

Sitawadanganya. Nilifunga lile buku. Nilikwenda kunywa chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa, nikiwaza kwamba zimebaki siku nne tu, kwamba mwanga huenda ukawaka wenyewe, kwamba mzee kama mimi hawezi kuharibiwa jina na penseli. Halafu Hidaya akapita dirishani amebeba mafaili yake, anatembea polepole. Yule binti hajawahi kutembea polepole. Nikainuka.

"Hidaya, njoo ukae."

"Mzee, nina kikao na..."

"Kikao kitangoja. Kaa."

Nikamwonyesha mishale, nikamwonyesha mstari wa penseli, nikamweleza nilivyoligawa pengo. Alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Kwa hiyo ulinipa namba zilizopikwa?"

"Sikupika, mwanangu. Niligawa."

"Kupika na kugawa vina tofauti gani, mzee? Hebu niambie, maana mimi sioni." Sauti yake haikupanda, na hilo liliniuma zaidi. "Nimetumia nafasi tatu. Tatu! Mama yangu anauliza kila Ijumaa kama nimemaliza."

Nikamwambia nisamehe. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta karatasi karibu, akaiangalia mishale kwa muda mrefu. Nikaona kidole chake kinaifuata mmoja mmoja. Yule binti alikuwa na hasira na alikuwa anafikiri, vyote kwa pamoja.

"Picha nzima bado unayo? Isiyokatwa?"

"Ninayo."

"Ilete."

Tulifanya kazi siku tatu. Aliyatafuta yale madoa kwenye orodha za zamani za galaksi, akakuta yote matatu yako umbali mmoja na lensi yetu. Kundi kweli, hakuna ubishi. Nikapima upya, safari hii bila kugawa hata chembe. Tukaiweka lensi pamoja na majirani zake na mapengo yakapungua yenyewe mpaka yakabaki yale ya mkono wangu, yasiyo na mpango. Wiki mpya ikatoka: mwanzoni mwa Julai, karibu mwezi mzima baadaye. Sherehe yangu ilifanyika katikati ya hayo. Mkuu wa idara alisoma hotuba ya usahihi wangu, nami nilikuwa nimelipakata buku langu, natazama pilau haliingii. Nilipopewa nafasi ya kushukuru nililieleza kosa lote mbele yao. Pilau likaanza kuingia.

Ilibaki barua ya kuomba nafasi tatu zilizobaki zisogezwe. Hidaya aliiandika, akaniletea niisome. Aliandika kwamba sisi, kikundi, tulifanya makosa katika kuandaa vipimo.

"Futa hapo," nikamwambia.

"Mzee, ni ustaarabu. Tulikuwa wote. Hata mimi ningeuliza."

"Uliuliza, nikakujibu kwa majivuno. Hili usiligawe, Hidaya. Lina mwenyewe. Andika jina langu na andika nilichofanya, ili wajue hesabu yako haina ugonjwa mwingine."

Akaandika. Walikubali, na nilisikia kwamba waliikubali kwa sababu kosa lilielezwa mpaka mzizi wake. Mtu akikuambia kigingi kipi kilisogezwa na kwa kiasi gani, unamwamini kwa vingine vyote.

Mimi nikaenda Mpwapwa kwa ndugu zangu, kukimbia simu, nayo ikanifuata. Nafasi ya nne, kimya. Ya tano, Hidaya alisema huenda, huenda siyo, usifurahi. Mzee mzima nikawa nashinda nazunguka zizi la mbuzi bila sababu, mpaka shemeji yangu akaniuliza kama kuna mbuzi nimempoteza. Asubuhi ya nafasi ya sita nilikuwa naosha uso kwenye karai. Simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Imewaka."

Nikakaa chini, kwenye matope ya maji ya karai, na suruali yangu ya kwenda kanisani. Nilicheka, halafu nikalia, halafu shemeji akaja akadhani ni msiba, nikashindwa kumweleza. Kwenye simu Hidaya naye alikuwa analia na kusoma namba kwa wakati mmoja. Kitu kizito nilichokibeba kifuani tangu siku ya mishale kilishuka, na mpaka leo hakijarudi.

Basi kateni picha zenu kama mtandao unawasumbua, sitawazuia. Lakini pengo lisilofunga muwe mnalichora kabla ya kuligusa, na mkiona lina mpango, vaeni kofia mrudi kituo kwa kituo.

Mwezi uliopita Hidaya, daktari sasa, alikuja Miyuji na mzigo mkubwa umefungwa kwa kanga. Nikamkaribisha, akaufungua. Ilikuwa picha ya kwasa yake kwenye fremu, pana kuliko meza yangu: lensi katikati, mianga minne kuizunguka, na kule kona ya juu kushoto, karibu kabisa na ukingo wa mbao, madoa yangu matatu.

"Mbona fremu kubwa hivi?" nikamuuliza.

"Fundi alikuwa na ndogo, akataka kukata pembeni ili ienee. Kashashika na mkasi kabisa." Akanitazama kwa lile jicho lake la Kirangi, akijitahidi asicheke. "Nikamnyang'anya."

Tuliitundika sebuleni. Alipoondoka nilisogea karibu, nikavaa miwani, nikayahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Majirani wote wapo.